Mtapo Gani Huu? Jinsi ya Kuitambua Mitapo kwa Jani, Shina na Koni

Mwezi wa Machi mwaka jana mteja mmoja alisimamisha bodaboda mbele ya kitalu changu, hapa kati ya Gede na Matsangoni, pwani ya Kenya, mkononi ameshika jani moja refu lililoanza kunyauka. Akaniambia amenunua "mtapo wa Kijapani" kwa shilingi elfu 35, shina nene kama debe, na sasa majani yote yanakauka moja baada ya jingine. Nililipokea lile jani, nikachomoa kidole kimoja, nikakiinua kwenye jua. Papo hapo nikajua mambo mawili. La kwanza, ule si mtapo wa Japani. La pili, uling'olewa msituni, na huenda si mbali na pale tulipokuwa tumesimama.

Watu wengi wananiuliza nilijuaje, kwa hiyo nimeona niandike yote ninayoyafanya ninapoletewa mmea wa aina hii. Nimeuza miche kwa miaka 22, na hakuna mimea ninayoipenda na kuihofia kama mitapo. Naihofia kwa sababu inafanana sana, na kosa dogo la jina linatosha kufanya mti wa msituni uuzwe sokoni kama mche wa bustani.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Wataalamu huita kundi lote saikadi. Hapa pwani neno letu ni mtapo, nasi hulitumia kwa miti miwili ambayo kumbe ni jamaa wa mbali tu. Jani la mtapo ni refu kama kuti, lenye uti katikati na majani membamba yaliyojipanga pande mbili. Hayo majani membamba kitaluni kwangu tunayaita vidole, na hapa nitayaita hivyo hivyo.

Hakikisha kwanza kwamba ni mtapo

Mmea unaotusumbua zaidi ni mkindu. Mkindu mchanga una majani yaleyale marefu, na vidole vya chini karibu na shina vimegeuka miiba, sawasawa na mitapo ya msituni. Nimewaona watu wazima, wakulima hasa, wakipita mtapo msituni na kusema ni mkindu uliodumaa. Shika kidole kimoja pale kinaposhikana na uti wa jani. Cha mkindu kimekunjwa katikati kama mtumbwi, mfereji ukitazama juu. Cha mtapo kimelala bapa.

Kisha tazama jinsi majani yanavyozaliwa. Mnazi na mkindu hutoa jani mojamoja, mwaka mzima. Mtapo hukaa kimya miezi mingi, halafu siku moja kichwa chake kinafumuka na duara zima la majani huchomoza pamoja, laini, yamefunikwa sufu. Kwa wiki chache hizo unaweza kuyakunja kama mboga, na ukiyagusa hovyo yatabaki yamepinda maisha yake yote. Baada ya hapo hukakamaa, na ole wako upite karibu na kaptura.

Tatu, mtapo hauchanui maua hata siku moja. Hauna panda kama mnazi, hauna vichala vya tende. Hutoa koni, kitu kilichofunikwa magamba yaliyopangwa kwa mzunguko. Ukiona ua, au matunda yanayoning'inia kwenye vikonyo, ondoka hapo, huo ni mchikichi au mkindu au ndugu zao.

Utasikia pia kwamba miti hii imewahi kuliwa na dinosaria. Ukoo wenyewe ni wa kale kweli, visukuku vyake vina zaidi ya miaka milioni 250. Lakini utafiti wa mwaka 2011 uliosoma urithi wa mitapo ulionyesha kwamba spishi nyingi tulizonazo leo zilichipuka katika miaka milioni 12 hivi iliyopita. Ndiyo maana zinafanana hivi: ni ndugu walioachana juzi tu, kwa hesabu ya miti. Leo zinafahamika spishi zaidi ya 350, zimegawanywa katika jenasi 10, yaani makundi ya spishi zilizo ndugu. Afrika bara ina jenasi 3 tu za asili, na jambo hilo linaturahisishia kazi sana.

Inua kidole kwenye jua

Hiki ndicho kipimo changu cha kwanza na sikibadilishi. Chomoa kidole kimoja kutoka katikati ya jani, si kwenye ncha wala kwenye kitako. Kiinue kwenye jua la asubuhi au la alasiri, mwanga upite ndani yake. Miwani ya kusomea inasaidia.

Ukiona uti mmoja tu katikati, unaotoka mwanzo hadi ncha, na pembeni hakuna mshipa mwingine wowote, umeshika Cycas. Ukipitisha ukucha utausikia uti huo umetuna upande wa chini, kama ule ambao ukiutoa kwenye kuti la mnazi unapata chelewa ya fagio.

Ukiona hakuna uti wa kati kabisa, bali mishipa mingi myembamba inayokwenda sambamba kama nyuzi za mkeka, na huo ni mmea wa asili wa Afrika Mashariki, umeshika Encephalartos. Hakuna wa tatu kwetu.

Jenasi ya tatu ya Afrika ni Stangeria, yenye spishi moja tu, na makao yake ni pwani ya Afrika Kusini na kusini mwa Msumbiji. Kidole chake kina uti wa kati na mishipa ya pembeni inayotoka kwenye uti huo. Unafanana na kangaga kiasi kwamba mwaka 1839 mtaalamu wa mimea aliuandika kitabuni kuwa ni kangaga, hadi ulipotoa koni baadaye. Nautaja ili ujue kwamba hata waliosoma hudanganywa na jani.

Lile jani la mteja wangu lilikuwa na mishipa mingi sambamba, na mtapo wa Japani ni Cycas. Ushahidi ulikuwa mkononi mwangu.

Ukipata uti mmoja: wa pwani au wa Japani?

Cycas ya asili ya bara la Afrika ni moja tu, Cycas thouarsii. Ni mti wa mwambao, kuanzia Kenya na Tanzania hadi Msumbiji, na ng'ambo huko Komoro na Madagaska. Jina lake linamkumbuka Mfaransa du Petit-Thouars, mtaalamu wa mimea. Unaweza kufika urefu wa mita 10, na mizee mara nyingi huwa na matawi. Majani yake yanang'aa, yameinama kwa upole, na vidole ni bapa, vipana kiasi, ukivigusa havikuchomi sana.

Wa Japani ni Cycas revoluta, na ndio uliojaa mahotelini na kwenye mizunguko ya barabara. Ni mfupi, majani yake magumu yamekaa kama shada, na vidole ni vyembamba vyenye ncha inayochoma. Alama yake kubwa ni kingo: zimejikunja kuelekea chini pande zote mbili. Geuza kidole, pitisha kidole chako cha shahada ukingoni, utasikia mkunjo huo kama upindo wa leso. Ukishauhisi mara moja hutaukosea tena, hata gizani.

Alama nyingine ya Cycas iko kwa mama. Mtapo jike wa Cycas, uwe wa kwetu au wa Japani, hautengenezi koni kamili. Hutoa kitu kama kiota kichwani: majani madogo yaliyobadilika, yenye sufu, na mbegu zimepangwa kwenye kingo zake. Kwa wa Japani majani hayo yana nywele nyingi za rangi ya kahawia hafifu na mbegu huwa nyekundu. Shina halafu huendelea kukua kupitia katikati ya kiota, na vijani hivyo vilivyokwisha kazi hubaki vikining'inia shingoni. Hakuna mtapo mwingine duniani unaozaa namna hiyo. Dume lake ndilo lenye koni, ndefu, moja, imesimama wima.

Ukipata mishipa mingi: Encephalartos

Jina hili la Kigiriki limeundwa kwa maneno matatu: ndani, kichwa, mkate. Yaani mkate ulio ndani ya kichwa, kwa sababu watu wa kusini mwa Afrika walikuwa wakitoa wanga kwenye moyo wa shina na kuutengeneza chakula. Spishi zake ni zaidi ya 60, zote za Afrika.

Huu wa msitu wetu ni Encephalartos hildebrandtii. Hildebrandt alikuwa mkusanyaji wa Kijerumani aliyezunguka Unguja na Mombasa miaka ya 1870, akafia Madagaska mwaka 1881. Mti wenyewe unaota Arabuko-Sokoke, Shimba Hills, na kwenye misitu ya pwani ya Tanzania, kuanzia karibu na bahari hadi mita 600 hivi. Shina hufika mita 6, likiwa limefunikwa vitako vya majani ya zamani kama magamba ya kakakuona. Majani hufika mita 3.

Mambo ninayoyatazama kwake ni haya. Kwanza kitako cha jani: vidole vinapungua kidogo kidogo kuelekea shinani hadi vinakuwa miiba mitupu, kwa hiyo karibu hakuna sehemu ya kikonyo iliyo wazi. Cycas nayo ina miiba kwenye kikonyo, lakini hapo huoni mfululizo huo wa vidole kufifia hatua kwa hatua. Pili meno: kingo za vidole zina vijino. Kwa mche mchanga meno ni mengi na makali, kwa mti mkubwa yanapungua, kwa hiyo usilinganishe mche wa miaka 3 na mzee wa msituni ukasema ni spishi mbili. Kosa hilo linafanywa kila siku. Tatu sufu: majani yakiwa machanga yana manyoya meupe yanayobanduka ukiyasugua. Nne koni ya jike: rangi ya manjano, nene kama nanasi kubwa lisilo na shungi, na ikipasuka mbegu zinatoka zimevaa nyama nyekundu ya chungwa. Kila gamba limebeba mbegu 2. Hesabu hiyo ya mbili inafuata jamaa wote wa mtapo isipokuwa Cycas.

Ukiondoka pwani mambo yanakuwa magumu zaidi, na hapa nasema wazi: bila kujua mahali mmea ulipotoka, hata mimi sithubutu kutaja jina. Mahali ni alama sawa na jani. Kwenye vilima vya Maungu, Taita Taveta, kuna Encephalartos kisambo, uliopewa jina la kisayansi mwaka 1989 kwa kutumia neno la Wataita wenyewe. Ni ndugu wa karibu sana wa huyu wa pwani, majani yake yanapita mita 3, na anaishi kwenye ukungu wa vilele vilivyozungukwa na nyika kavu. Mimi niliupanda mlima ule mara moja. Chini jua lilikuwa linachoma udongo mwekundu, juu nguo zilikuwa zimelowa kwa umande saa nne asubuhi, na ile mitapo imesimama ndani ya wingu. Sijawahi kuona kitu kinachonyamazisha moyo kama hicho.

Kaskazini kwenye milima ya Mathews, Samburu, kuna Encephalartos tegulaneus, mrefu hadi mita 10. Jina lake linatokana na kigae cha kuezekea, kwa jinsi magamba ya koni yanavyolaliana. Tanzania ina utajiri kuliko sisi: Encephalartos sclavoi wa Usambara, mfupi, wenye vidole vifupi na vipana ambavyo kingo zake zimepinda kurudi nyuma. Encephalartos bubalinus wa kaskazini karibu na mpaka wetu. Encephalartos kanga wa mlima Kanga huko Nguru, ambao haukuwa na jina la kisayansi hadi karne hii. Uganda wana Encephalartos whitelockii kwenye korongo la maporomoko ya mto Mpanga, maelfu ya miti mahali pamoja, na haupatikani kwingine kokote duniani.

Nimeipita haraka milima hii kwa sababu sitaki uende kutafuta. Nimeitaja ili mtu akikuletea shina kubwa na kukuambia "limetoka Usambara" ujue anachokueleza.

Koni, joto na fukusi

Kila mtapo ni dume au jike, hakuna ulio na vyote viwili. Na hakuna njia ya kujua kabla ya koni kutoka, si kwa jani, si kwa shina, ingawa kila mwaka ananijia muuzaji anayeapa kwamba anajua. Mche uliopandwa kwa mbegu utakusubirisha miaka 10, 15 au zaidi.

Koni ya dume ni nyembamba na ndefu, ya jike ni nene. Ukivunja gamba la koni dume lililokomaa na kuligeuza utaona chini yake limejaa vifuko vidogo vya chavua kama mayai ya samaki. Chavua ikianza kutoka, nenda jioni, jua likishazama, uiweke kiganja. Koni za dume za mitapo mingi hujipasha joto zenyewe na kutoa harufu kali. Wangu wa nyuma ya nyumba hunuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi, na koni yake nimewahi kuigusa ikiwa na joto la mwili wa mtoto mwenye homa kidogo. Joto na harufu ni mwito kwa fukusi, wadudu wadogo wanaokula na kuzaliana kwenye koni dume, kisha wakatoka wamejipaka chavua na kuipeleka kwa jike. Upepo pekee hautoshi. Ndiyo maana mtapo jike ulio peke yake mjini huzaa mbegu nzuri kwa macho, zilizo tupu ndani.

Habari inayoniuma kuliko zote za mimea ni ya Encephalartos woodii. Mwaka 1895 mtaalamu wa mimea John Medley Wood aliukuta kwenye msitu wa oNgoye, Afrika Kusini, kichaka kimoja chenye mashina machache, yote dume. Jike halijapatikana mpaka leo. Kila mti wa aina hiyo ulioko bustanini duniani ni kipande cha lile dume moja. Msituni hakuna tena.

Mbegu inayoelea

Hapa nitaeleza hasara niliyoipata, kwa sababu inatokana na kutojua tofauti.

Nilifundishwa kwamba mbegu ya mtapo ukiimenya uitie kwenye ndoo ya maji: inayozama ni nzima, inayoelea ni tupu. Kwa Encephalartos ni kanuni nzuri na bado naitumia. Mwaka mmoja jirani yangu mwenye Cycas thouarsii ya miaka mingi alinipa mbegu 60, kubwa, safi, na dume lilikuwa hatua chache tu kutoka kwa jike. Nikazimenya, nikazitia majini. Zikaelea karibu zote. Nikazimwaga kwenye shimo la takataka.

Miezi mingi baadaye mvua za masika zikanyesha, na shimo lile likaanza kutoa vijani vyembamba, kimoja kimoja, vimejikunja nchani kama mkia wa kinyonga. Ndipo nilipotafuta na kuelewa: mbegu ya mtapo wa pwani ina tabaka jepesi kama sponji ndani ya ganda, na inaelea hata ikiwa nzima kabisa. Huo ndio usafiri wake. Ndivyo mti mmoja ulivyoweza kukalia mwambao wetu, Komoro na Madagaska bila kubebwa na mtu. Kwa Cycas hii usitumie maji, vunja mbegu 2 au 3 uone kama moyo wake ni mweupe na umejaa.

Kumenya, vaa glavu. Nyama ya nje na moyo wa mbegu vyote vina sumu, iitwayo saikasini, inayoharibu ini. Mbwa akitafuna mbegu moja mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja dalili. Nyanya yangu alinisimulia kwamba wakati wa njaa watu walizila, lakini baada ya kuzikata, kuzianika, kuziloweka na kumwaga maji siku baada ya siku. Huo ni ujuzi wa waliolazimika, na mimi simfundishi mtu.

Mbegu za Encephalartos zikidondoka huwa kijusi chake bado hakijakomaa. Zimenye, ziweke kivulini kwenye mchanga mkavu miezi 6 hivi, ndipo uzipande. Zilaze, nusu ndani ya mchanga nusu nje. Ukizizika zote zinaoza.

Wageni utakaowakuta sokoni

Wa kawaida ni Zamia furfuracea kutoka Veracruz, Mexico. Mfupi, shina limejificha ardhini, vidole ni vinene na vigumu kama kadibodi, umbo la yai. Sugua jani changa na vumbi la kahawia litabaki kwenye vidole vyako, na jina lake maana yake ni "wenye pumba". Kipimo chake cha uhakika ni kiungo: kidole cha Zamia kimeshikwa kwa kifundo kidogo, kikizeeka kinaachia chenyewe na kuacha kovu safi. Cha Encephalartos hakidondoki hivyo, hukauka kikiwa palepale.

Mara mojamoja utaona Dioon, nao wa Mexico, unaofanana mno na Encephalartos kwa sababu hauna uti wala kifundo. Subiri koni: ya Dioon jike ina magamba mapana kama majani, yenye manyoya mengi, nayo imelegea kidogo. Ya Encephalartos imebanana kama ukuta.

Kuutambua ulioibwa

Encephalartos wote wako kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, maana yake biashara ya kimataifa ya miti iliyotolewa porini hairuhusiwi. Lakini sheria haifiki kando ya barabara kama macho yako yanavyofika. Mtapo hukua sentimita chache tu kwa mwaka. Mtu akikuuzia Encephalartos wenye shina la magoti au kiuno kwa bei ya chini, muulize nani aliupanda na lini. Tazama kitako: wa msituni una kovu la panga, mizizi imekatwa karibu na shina, mara nyingi shina limeegemea upande mmoja kwa kuzoea mteremko, na lina ukungu wa miti na alama za moto wa zamani.

Kisha fukua udongo wa juu kwenye mfuko. Mche uliokulia kitaluni una mizizi ya ajabu inayopanda juu badala ya kushuka, imegawanyika vipande vifupi vinene, mfano kamili wa matumbawe ya baharini. Wateja huniambia ni ugonjwa na wengine huikata. Usiikate. Chukua kipande kimoja tu, kikate kwa wembe kwa upana, utaona pete ya kijani karibu na ganda. Ndani ya pete hiyo wanaishi bakteria wanaotengeneza chakula kwa jua, na wanachukua naitrojeni ya hewani na kumlisha mwenyeji wao. Hivyo ndivyo mtapo unavyoishi juu ya mwamba mtupu. Shina lililong'olewa kwa panga halina mizizi hiyo, imebaki msituni.

Ule wa mteja wangu haukuwa nayo hata kipande. Tulikwenda pamoja kuwaeleza askari wa msitu, wakakubali utunzwe kwangu. Nilikata majani yote, nikasafisha kitako kwa kisu kikali, nikakipaka majivu, nikauacha kivulini wiki 3 kidonda kikauke, halafu nikausimika kwenye mchanga wa chengachenga, bila mbolea, maji kidogo mara moja kwa wiki. Machi ukapita, masika ikapita, shina limekaa kama gogo. Mwishoni mwa Novemba nilipokuwa nafagia niliona katikati ya kichwa ncha nane za sufu nyeupe, ndogo kama vifundo vya kidole. Nimeuandikia kibao: Encephalartos hildebrandtii, umetoka msituni, jinsia bado.